Historia na Uraia, Jiografia, Dini au Biashara: mwanafunzi wa Lamu au Malindi achukue lipi?

Mtoto akifika wakati wa kuchagua masomo ya Sekondari Pevu, nyumba nyingi za huku kwetu hukubaliana upesi kuhusu mkondo, kisha mabishano huanza kwenye masomo yenyewe. Achukue Historia na Uraia au Jiografia? Dini aisome na shuleni pia, au ya chuoni, yaani madrasa, inatosha? Na Biashara je, si ndiyo yenye pesa? Nafundisha Historia na naipenda, kwa hivyo msomaji ajue mapema naegemea wapi. Lakini nimeketi na wazazi wengi kwa shauri hili, na si kila mtoto niliyemwelekeza kwenye somo langu.

Kwanza tuelewane kuhusu mpangilio. Tangu Gredi ya 10 ya kwanza ilipoanza mwaka 2026, mwanafunzi hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mmoja husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na somo la huduma kwa jamii, halafu huchagua mengine matatu. Masomo manne ninayoyalinganisha hukutana katika Sayansi za Jamii, ingawa Jiografia na Biashara utayakuta pia kwenye baadhi ya michanganyiko ya STEM. Wale wa 8-4-4, mfumo wa zamani, ambao KCSE yao ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, ni ya 2027, hulijua somo langu kwa jina la Historia na Serikali. Mengi nitakayoyataja yamo katika mtaala wao, kwa kuwa ndio msingi ambao somo jipya limejengwa juu yake.

Historia na Uraia: mna nini ndani?

Somo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni historia yenyewe: chimbuko la binadamu, mwanzo wa kilimo, jamii za Kenya, biashara, ukoloni, harakati za uhuru, vita viwili vya dunia, Afrika baada ya wakoloni kuondoka. Mtoto wa hapa hukutana na pwani yake humo mara kwa mara. Atamsoma Vasco da Gama akitia nanga Malindi Aprili 1498 na kupata rubani wa kumvusha hadi India. Atasoma kuhusu ukanda wa pwani wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mpaka makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Atasoma upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914, na Mekatilili wa Menza aliyekamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kuendelea na kazi aliyoianza. Mwanafunzi wa Malindi ana sanamu yake hapo mjini, na nimeona wanavyoikodolea macho upya wiki ile tunapoifikia mada hiyo.

Sehemu ya pili ni uraia, na hii ndiyo wazazi wengi hawajui kuwa imo. Mwanafunzi hujifunza mtu anakuwaje raia na anaupotezaje uraia, haki na wajibu wake, katiba ni nini na hutungwaje, demokrasia, mihimili mitatu ya serikali yaani Bunge, Utendaji na Mahakama, uchaguzi unavyoendeshwa, ugatuzi, mapato na matumizi ya pesa za umma. Mwishoni huvuka mipaka akatazama serikali za Uingereza, Marekani na India, alinganishe na yetu. Hapo pa mwisho napita haraka, si kwa kuwa hapana faida, ila kwa kuwa mtoto aliyeielewa katiba yake vizuri huzielewa za wenzake bila taabu.

Katiba yenyewe iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ina sura 18 na vifungu 264. Darasani hatuipiti yote. Lakini Sura ya Tatu, ya uraia, kwa watoto wa Lamu na Malindi si nadharia. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Soma sentensi hiyo mbele ya darasa lenye watoto wa Kiunga, Faza na Ndau, ambao jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka wa Somalia, uone mikono itakavyoinuka. Anauliza mmoja: mama yangu ni wa hapa, baba si wa hapa, mimi je? Jibu limo kwenye kifungu, na analitoa mwenyewe kwa kusoma. Kaunti ya Kilifi, ilimo Malindi, ndiko Wapemba walikotambuliwa rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya mwezi Julai 2023, baada ya miaka mingi ya kuvua samaki katika bahari hii bila kitambulisho. Mtoto anayeijua safari hiyo hakichukulii kitambulisho kuwa karatasi ya polisi wa barabarani tu.

Halafu kuna Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi kuliko mtaala unavyonitaka, na sijuti. Shule ya chekechea ni ya kaunti. Shule ya sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati ya kijijini ni ya kaunti. Vivuko na gati ni kazi ya kaunti, lakini kusimamia meli za kimataifa si kazi yake. Kwa hivyo ngazi ya gati ikioza kisiwani, wa kuulizwa ni mmoja. Na Bandari ya Lamu kule Kililana ikiwa na jambo, wa kuulizwa ni mwingine. Watu wazima wangapi hupanga foleni kwenye mlango usio wao, wakirudi na kusema serikali haisikii!

Nimepata kumwona binti wa kidato cha tatu kwenye kikao cha umma cha bajeti. Aliwaacha wazee wamalize, akawapa heshima yao, kisha akafungua kitabu alichogawiwa mlangoni. Hakulalamika. Aliuliza pesa za kivuko zilizotengwa mwaka uliopita zilitumika kiasi gani, na ni ukurasa gani unaoonyesha hivyo. Afisa aliyekuwa mbele ikabidi afungue kitabu chake pia, akatafuta, akasoma hadharani. Ukumbi ulitulia. Swali lile lilitoka moja kwa moja kwenye mada ya mapato na matumizi ya umma, ile ambayo watahiniwa wengi huiruka kwa kuiona kavu.

Jambo moja, masomo mawili

Ukitaka kuona tofauti ya Historia na Uraia na Jiografia, weka mezani jambo moja na uyaulize masomo yote mawili. Bandari ya Lamu yafaa, kwa sababu kila mtoto wa hapa ana la kusema juu yake.

Jiografia itauliza: kwa nini hapo? Itakwambia kuhusu kina cha maji ya Ghuba ya Manda, kuhusu visiwa vinavyoikinga na mawimbi ya bahari kuu, kuhusu ukanda wa uchukuzi unaokusudiwa kuifikia Sudan Kusini na Ethiopia. Itakuonyesha mikoko, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kueleza kwa nini samaki huzaa kwenye mizizi yake na nini hutokea sakafu ya bahari inapochimbwa ili meli kubwa zipite. Mwanafunzi atachora ramani, atapima umbali, atasoma takwimu za mizigo.

Uraia utauliza: nani aliamua, na nani aliulizwa? Wakazi wa Lamu, miongoni mwao wavuvi, walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa katika ujenzi wa bandari hiyo: haki ya kupata habari, haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni wao. Wavuvi wapatao 4,600 wakatakiwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwanafunzi anayesoma Kifungu cha 35 cha kupata habari na cha 42 cha mazingira anasoma vifungu ambavyo majirani zake wamevitumia wakashinda. Sijui somo jingine la sekondari ambalo sheria ya nchi imo ndani ya kitabu na iko pia kwenye mdomo wa nahodha anayekuvusha kutoka Mokowe.

Masomo haya mawili kwa hivyo hayashindani. Jiografia humwambia mtoto bahari inafanya nini; Uraia humwambia ana haki gani juu yake na amwendee nani. Anayeweza kuyachukua yote mawili, ayachukue. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kwa wengi unatosha.

Akilazimika kuchagua moja

Si kila shule inatoa kila mchanganyiko, na wakati mwingine ratiba huwaweka walimu wawili saa ile ile. Hapo ndipo mtoto hujikuta lazima aache somo moja.

Jiografia ina nguvu ambazo somo langu halina. Kwanza, inavuka mkondo: aliye kwenye STEM anaweza kuipata. Mtoto anayetaka upimaji wa ardhi, mipango ya miji, utabiri wa hali ya hewa, uhifadhi wa bahari, asiiache. Pili, ina kazi za mikono. Huku kwetu maabara ya Jiografia iko nje ya dirisha: vilima vya mchanga vya Shela, miamba ya matumbawe katika Mbuga ya Bahari ya Malindi iliyotengwa tangu 1968, mto Sabaki ukimwaga tope jekundu baharini wakati wa mvua hadi maji ya Malindi yakabadilika rangi. Mtoto aliyekulia kwenye jahazi ameshajua Kaskazi na Kusi kabla ya kujua kusoma. Jiografia itampa sababu zake, kwa nini upepo ugeuke na kwa nini ugeuke miezi ile. Tatu, anayechoka na maandishi marefu hupumua kidogo, kwa kuwa kuna ramani, picha, michoro na hesabu. Lakini asidanganyike kuwa ni nyepesi. Ramani ya topografia humtoa jasho asiyependa vipimo: akosee kusoma gridi au kugeuza skeli, na maswali yote yanayofuata yamekwenda naye.

Historia na Uraia ni ya anayeandika. Katika KCSE kuna karatasi mbili: ya kwanza ni ya Kenya, ya pili ni ya Afrika na dunia. Kila moja ina maswali mafupi, kisha maswali ya maelezo, na sehemu ya mwisho ya karatasi ya kwanza ni ya serikali na katiba. Mtahini husoma neno la swali kabla ya jibu. Akisema taja, anataka hoja tupu. Akisema eleza, hoja isiyo na maelezo hupata nusu ya alama. Nimewaona watoto hodari wakipoteza alama kwa kuorodhesha walipotakiwa kueleza, kama vile kuandika "Bunge hutunga sheria" na kuachia hapo, bila kusema mswada hupita hatua gani na Rais ana kazi gani mwishoni.

Na hapa niseme wazi jambo linaloniumiza. Somo hili hukaririwa. Unaweza kumkuta mwanafunzi anataja masharti kumi ya kuwania ubunge bila kupumua, umuulize wadi yake ni ipi, asijue. Kaunti ya Lamu ina maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi, na wadi 10. Eneo bunge la Malindi lina wadi tano. Shela iko Lamu na Shella iko Malindi, wadi mbili tofauti katika kaunti mbili tofauti, na sijapata darasa ambalo halikushangaa kusikia hivyo. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike wa kaunti, mbunge na mwakilishi wa wadi. Mtoto akimaliza kidato cha nne bila kujua kila mmoja kati ya hao sita anafanya nini, basi alama yake, hata ikiwa A, imempita pembeni. Mzazi anaweza kulipima hilo nyumbani kwa dakika tano, hata kama hakusoma.

Dini na Biashara

Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa ina hadhi yake, na mtoto aliyepita chuoni huingia darasani na mtaji. Qur'ani, Hadithi, fiqhi, maadili, historia ya Uislamu: mengi ameshayasikia kwa maalimu wake. Ndiyo maana wazazi wengine husema shuleni aache, na wengine husema aichukue kwa kuwa alama ziko karibu. Nawaunga mkono hawa wa pili, kwa sharti moja: asiichukue kwa kudhani haisomwi. Chuoni anasoma kwa kuhifadhi na kutenda; mtihani unataka aandike hoja kwa Kiingereza, na wapo mahafidh wazuri ambao hapo huteleza. Na somo hili lina mahali linapokutana na langu. Mirathi na ndoa anajifunza kwenye Dini. Kwamba Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu cha 170, na kwamba mamlaka yake ni ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, hilo atalipata kwenye Uraia. Familia inayogombania nyumba ya marehemu katika mtaa wa Langoni, Lamu, inahitaji mtu anayejua yote mawili. Kwa Mkristo wa Malindi anayechukua Elimu ya Dini ya Kikristo, hesabu yake ya alama na muda ni hiyo hiyo.

Biashara sina mengi nayo. Mtoto ambaye familia ina duka, boti ya watalii au nyumba ya wageni, na anataka kuiendeleza, aichukue bila shaka. Kutunza hesabu hakumtupi mtu. Inakaa vizuri na Jiografia, inakaa vizuri na Historia. Nisichokubali ni kuichukua kwa sababu tu jina lake lina harufu ya pesa.

Nani achukue lipi

Anayependa kubishana kwa hoja, kusoma magazeti, kuuliza kwa nini barabara hii ilijengwa na ile ikaachwa: Historia na Uraia, na aongeze Jiografia. Anayelenga sheria asiambiwe kwamba Historia pekee itampeleka. Vyuo vikuu hutazama sana Kiingereza na Kiswahili, na Historia itamsaidia kwa kumzoesha kujenga hoja. Anayelenga ualimu, uandishi wa habari, utawala, kazi za utalii wa turathi katika mji wa kale wa Lamu au magofu ya Gede, vilevile. Gede iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024, Lamu ilikuwamo tangu 2001, na mwongoza wageni anayejua historia ya kweli hutofautiana sana na anayebuni.

Anayependa kuwa nje, kupima, kuchora, anayewaza bahari na ardhi kama kazi: Jiografia kwanza. Akiwa kwenye STEM na Historia haimo kabisa kwenye chaguo zake, simwambii abadilishe mkondo. Namwambia mzazi amtafutie nakala ya Katiba. Ipo ya Kiswahili, na sura za uraia, haki na ugatuzi husomeka jioni chache. Hata somo la huduma kwa jamii ambalo kila mwanafunzi hulifanya lina uraia ndani yake. Ajitolee mradi unaomkutanisha na ofisi za umma badala ya kufagia ufuo peke yake.

Anayetegemea alama za kumvusha, na amekaa chuoni miaka: Dini, Historia na Jiografia kwa pamoja ni mchanganyiko unaobebeka kwa mwenye bidii ya kuandika. Asiyependa kabisa kuandika insha, simlazimishi kwenye Historia. Atateseka, na mwalimu wake atateseka naye.

Kabla ya kuirudisha fomu, nenda shuleni uulize maswali mawili matatu. Nani anafundisha somo hilo, na ni mwalimu wa somo hilo hasa au amejazia nafasi? Maktaba ina nakala za Katiba, au mwalimu peke yake ndiye mwenye nayo? Kwa Jiografia, kuna ramani za kutosha za kila wawili kushika moja? Na je, darasa la Uraia limewahi kutoka nje? Bunge la Kaunti ya Kilifi hukaa hapo hapo Malindi, Mahakama Kuu iko Malindi, Lamu ina mahakama yake ya hakimu na ya Kadhi. Katiba inataka mabunge ya kaunti yafanye kazi hadharani, na kesi nyingi husikizwa milango ikiwa wazi. Kwa shule ya Malindi ni mwendo wa tuktuk. Kwa shule ya kisiwani ni boti moja au kutembea. Barua ya mwalimu mkuu kwa karani wa bunge hutosha kuomba viti vya umma kwa darasa zima.